Tundu Katika Mkono wa Konokono

Wiki sita kabla ya kustaafu, Bi Pamba alipewa rasimu ya barua yake ya kuagwa aipitie, akaisoma palepale mlangoni, amesimama. Ilikuwa ya ukurasa mmoja. Ilisema kwamba mhusika amelitumikia ghala la vioo kwa miaka thelathini na mmoja, kwamba ni mtu wa kuwahi kazini, kwamba hakuwahi kukosana na mtu isipokuwa fundi bomba, na kwamba katika muda wote huo hakuwahi kuharibu kioo hata kimoja. Sentensi hiyo ya mwisho mkuu wa ghala alikuwa ameipigia mstari. Aliipenda.

"Kuna kosa lolote humo?" mkuu aliuliza.

"Fundi bomba tulikosana mara mbili," alisema Bi Pamba, akamrudishia karatasi yake.

Kisha akaenda mezani kwake akaketi, na kwa nusu saa nzima hakufuta kitu.

Kazi yake ilikuwa ngumu kuieleza, na alikwisha kuchoka kuieleza. Majirani walijua kwamba anafanya kazi kule kilimani kwenye kituo cha darubini, basi wakashika kwamba anatazama nyota. Hakuwahi. Aliingia saa mbili asubuhi na kutoka saa kumi alasiri, na katika saa hizo nyota ya kutazama ni moja tu, nayo inaumiza macho. Alichotazama yeye ni vioo. Zamani, kabla kompyuta hazijaingilia kila jambo, picha za anga zilipigwa juu ya vioo vyembamba vyenye ukubwa wa trei ya chai, upande mmoja umepakwa dawa ya picha ambayo pale ghalani waliiita maziwa. Picha ilikaa kwenye maziwa, nayo ilikuwa imegeuka: anga ni jeupe na nyota ni nyeusi. Mtu asiyezoea angedhani ameshika kioo kilichomwagikiwa masizi.

Vilikuwepo vioo elfu ishirini na mbili, vimesimama wima ndani ya makabati ya chuma, kila kimoja na bahasha yake. Upande usio na maziwa wataalamu waliuchorea wino kama ubao wa shule. Walizungushia nyota, wakapiga mishale, na mmoja aliwahi kuandika namba ya simu ya mtu. Bi Pamba aliyafuta hayo yote kwa pamba na spiriti, na jina lake akalipata hapo. Namba ya simu aliinakili kwanza, akampelekea mwenyewe, na huyo mtaalamu hakumsalimu tena.

Upande wa maziwa haukuguswa. Sheria hiyo ilibandikwa mlangoni, ikabandikwa tena juu ya meza, na kama hiyo haitoshi alikuwepo Mzee Lenzi wa kuisema. Mzee Lenzi ndiye aliyekuwa mpiga picha wa kituo. Usiku alikuwa na darubini yake, asubuhi anashuka na macho mekundu kumkabidhi Bi Pamba vioo vilivyokauka. Yeye ndiye aliyemfundisha kukishika kioo kwa kingo, kutokipumulia, na kukisimamisha kabatini maziwa yakiangalia kulia. Alipokwisha kumtazama miaka mitatu, alimpa ruhusa ambayo kituo kizima walikuwa nayo watu wawili tu, yeye mwenyewe na Bi Pamba: punje ya vumbi ikinasa kwenye maziwa wakati wa kukauka, aitoe kwa ncha ya wembe, chini ya lenzi.

"Una mkono," alimwambia. Hakusema mkono wa namna gani. Hakuwa mtu wa kumalizia sifa.

Sasa katika vioo vyote hivyo, kulikuwa na kitu kimoja ambacho Bi Pamba alikipenda, ingawa angeulizwa angekana. Kilikuwa upande wa kusini wa anga, galaksi moja ya mbali, yaani kundi la nyota zisizo na idadi, mbali kiasi kwamba mwanga wake huchukua miaka milioni sitini kufika. Kwenye kioo ilikuwa na ukubwa wa ukucha wa dole gumba: kitovu cheusi, na mikono miwili iliyojisokota kukizunguka. Wataalamu waliiita kwa namba. Bi Pamba aliiita Konokono. Mtaalamu mmoja alimweleza kwa upole kwamba konokono hana mikono, naye akamjibu kwa upole uleule kwamba nyota pia hazina mikono, na bado wao wameiandika kwenye vitabu. Mzee Lenzi aliipiga picha kila ilipopanda vizuri, na kila picha ilipita mikononi mwa Bi Pamba, hadi akawa anaijua kama mtu anavyoijua sura ya mtoto wake. Alijua mkono upi mnene na upi una pengo, alijua kila punje na mahali pake.

Kujua huko ndiko kulikomponza. Ulikuwa mwaka wake wa nne kazini, asubuhi, kioo kimekauka vizuri, na kwenye mkono wa chini wa Konokono pana punje nyeusi, mviringo, ambayo haikuwahi kuwapo. Mtu mgeni angeiacha, maana asingejua kama ni ya humo au si ya humo. Bi Pamba alijua kwamba si ya humo. Akavuta lenzi, akatoa wembe kwenye kibati chake, akaikwangua. Mwanga ule ulisafiri miaka milioni sitini, ukapita salama kila mahali, ukaingia ndani ya darubini ukatulia kwenye maziwa, na ukakwanguliwa kabla ya chai ya saa nne.

Siku tatu baadaye ikaja faksi kutoka kituo cha ng'ambo. Nyota imelipuka ndani ya galaksi fulani, namba ikatajwa, mkono wa chini. Wao wameiona kwa jicho tu kupitia darubini, hawakuipiga picha; mwenye picha ya wiki hii tafadhali asaidie. Mzee Lenzi aliisoma kwa sauti mbele ya watu wanywao chai.

"Tunayo!" alisema. "Tumeipiga usiku uleule!" Akaenda mbio, mzee wa watu, kikombe akakiacha kinatoa moshi.

Alikaa ghalani muda mrefu. Aliporudi aliketi, akainywa chai yake iliyopoa mpaka ikaisha.

"Hatunayo," alisema.

Hakuna aliyemwuliza. Mvua zikaanza, mawingu yakakaa wiki tatu, kisha Konokono akazama nyuma ya jua, na alipotoka upande wa pili nyota ile ilikwisha kufifia. Lakini kesho yake baada ya faksi, Bi Pamba alikuta mezani kwake taa ya pili, kali kuliko ya kwanza. Ilikuwa taa ya Mzee Lenzi, ameing'oa kwenye meza yake mwenyewe. Hakusema kitu juu ya taa wala juu ya kingine chochote. Na Bi Pamba alipoivuta bahasha ya kioo kile aliona maandishi mapya: "Kasoro kwenye maziwa, mkono wa chini. Kosa la mpiga picha." Chini yake, sahihi.

Alitaka kusema. Mwaka wa kwanza aliogopa kumwaga unga, maana watoto walikuwa wawili na mumewe karakana yake haijasimama. Mwaka wa pili aliona haya. Mwaka wa tano hakujua aanzie wapi. Halafu Mzee Lenzi akastaafu, halafu akafa, na mazishini Bi Pamba alisimama mstari wa tatu akasikiliza watu wakimsifu marehemu kwa mambo mengine. Kilichobaki ni siku moja kila mwaka, tarehe ileile, ambapo alikitoa kioo, akakitazama, akakirudisha, akaenda nyumbani, akalala bila kula wala kusema na mtu.

Mambo yangeishia hapo, barua ikapigiwa muhuri, kama si Daktari.

Daktari alikuwa binti ambaye hajafika miaka thelathini, daktari wa nyota si wa watu, jambo ambalo mlinzi wa getini hakulielewa, kwa hiyo kila asubuhi alimpa habari za goti lake. Alikuja na mashine yenye ukubwa wa friji iliyolazwa chali, ya kuvinakili vioo vyote viingie kwenye kompyuta. Mwaka mzima walikaa chumba kimoja, Bi Pamba akifuta na Daktari akinakili. Asubuhi ni "Shikamoo mama," mchana wanagawana karanga. Kazi ya masomo ya huyo binti ilikuwa nyota zilizolipuka zamani. Jumanne moja, wiki ileile ya rasimu ya barua, akafika kwenye kabati la kusini.

"Mama, hebu njoo uone maajabu," aliita.

Bi Pamba akaenda.

"Hiki ndicho kioo pekee duniani kilichopigwa usiku ambao nyota hii iling'aa kuliko siku zote. Wengine wote walikuja kuipiga picha imeshaanza kufa. Miaka miwili nakifuata hiki. Sasa tazama."

Bi Pamba alitazama. Hii ilikuwa mara ya ishirini na nane.

"Tundu!" alisema Daktari. "Mtu kakwangua! Halafu soma bahasha. 'Kosa la mpiga picha.' Na sahihi katia, hana hata wasiwasi. Alikuwa nani huyu?"

"Tulimwita Mzee Lenzi."

"Alikuwa mzembe."

Bi Pamba alirudi mezani, akajikuta anafuta kioo ambacho alikwisha kukifuta.

"Ripoti naipeleka Ijumaa," Daktari aliendelea, anaandika. "Inabidi nieleze kwa nini picha hatuna, na jina nitaje. Ndivyo zinavyoandikwa. Watu wa nyota kila mahali watamjua."

Mume wa Bi Pamba alikuwa fundi wa kuchomelea mageti. Kutwa alikuwa ndani ya kelele na barakoa ya chuma, kwa hiyo jioni maneno yake yalikuwa ya kuhesabu. Jioni ya Jumanne hiyo mkewe alimngoja aketi mezani.

"Nina jambo," alisema. "Ni la ile siku moja ya kila mwaka."

Fundi akaweka kijiko chini. "Sema."

"Nimelificha miaka ishirini na saba."

"Najua."

"Unajua nini?"

"Simjui ni nani, lakini najua yupo. Sema tu, mama watoto, nilishajiandaa. Ni fundi cherehani wa pale kona?"

"Fundi cherehani kafanya nini?"

"Mimi ndiye ninayeuliza."

"Nimekwangua nyota," alisema Bi Pamba.

Akamwelezea tangu mwanzo. Mumewe alisikiliza hadi mwisho, na maswali yake yote yalikuwa ya kiufundi: wembe wa aina gani, umeshikwaje, umelazwa au umesimama.

"Kwa hiyo siyo mtu."

"Siyo mtu."

"Ni nyota."

"Ni nyota."

"Na hiyo nyota iko umbali gani?"

"Mwanga wake unasafiri miaka milioni sitini."

"Basi ni mbali," alisema mumewe, akachukua kijiko akala kama mtu aliyetoka safari. Katikati ya chakula akaweka tena kijiko chini. "Miaka kumi na tisa simsalimu yule fundi. Suruali zangu nazipeleka mjini."

"Ulidhani mimi na fundi cherehani?"

"Siku ile ulirudi kutoka kwake na gauni. Huli, husemi. Nifikiri nini?"

Bi Pamba angecheka siku nyingine. Siku hiyo alishika tama. "Nikisema, barua yangu imekwenda na maji," alisema. "Nisiposema, wanampaka matope mtu aliyenifundisha kazi. Na yeye alijua. Alinifichia mpaka anaingia kaburini."

Mumewe alitafuna, akafikiri. "Geti langu likivunjika," alisema, "siwezi kusema fundi alikuwa mwingine. Maungio yangu yanajulikana."

"Sijauliza habari za mageti, baba watoto."

"Najua. Nimejibu tu."

Asubuhi Bi Pamba alipiga moyo konde, akawakuta wote wawili ofisini, mkuu wa ghala na Daktari. Hakuketi. Akatoa mfukoni kile kibati cha wembe, akakiweka mezani, kwa sababu alihisi mikono mitupu haifai kwa maneno aliyokuja nayo.

"Tundu lile nimelikwangua mimi," alisema. "Nilidhani ni vumbi. Mzee Lenzi aligundua, akaandika jina lake. Kwa hiyo Daktari, kwenye ripoti yako mtoe yeye, niweke mimi."

Mkuu alicheka. Kisha akaona kwamba anacheka peke yake.

"Bi Pamba," alisema, "barua yako nimeshaipeleka kupigwa chapa. Kwenye karatasi ngumu."

"Isubiri."

Daktari alikuwa ameiva kwa hasira, na haki alikuwa nayo. "Mwaka mzima tumekaa chumba kimoja," alisema. "Nimekueleza ninatafuta nini. Nimekuonyesha hata michoro. Ukanyamaza?"

"Nilinyamaza."

"Tumekula karanga pamoja!"

"Tumekula," alisema Bi Pamba, na haya zilimjaa usoni, haya za mtu mzima anayefokewa na mtoto ambaye hana kosa. Hakujitetea. Alikuwa amejiandalia utetezi njiani, kuhusu mwanga hafifu wa siku hizo, akaona hauna maana. Mwanga haukuwa hafifu.

Daktari akaenda dirishani akasimama, amewapa mgongo. Mkuu akapanga kalamu zake. Ilichukua muda hata binti akageuka, na alipogeuka sauti yake ilikuwa nyingine, sauti ya kazini.

"Ulikwangua kiasi gani?"

"Kile kilichokuwa cheusi."

"Na pembeni yake?"

"Pembeni kulikuwa safi. Nikwangue palipo safi kwa nini?"

"Una hakika hukuzidisha?"

Hapo Bi Pamba aliudhika. Alikuja kukiri kosa moja, hakuja kusingiziwa la pili. "Mimi huwa sizidishi," alisema.

Daktari akavuta kiti, akaketi, akaanza kueleza haraka haraka. Kwenye vioo vile, nyota inayong'aa sana huacha punje kubwa, nyota hafifu huacha punje ndogo. Upana wa punje ndio kipimo cha ukali wa nyota. Punje yenyewe haipo tena, sawa. Lakini kama aliyeikwangua aliikwangua yenyewe tu, bila kula pembeni hata chembe, basi tundu lina upana uleule wa punje, na tundu lipo. Linapimika.

"Tatizo," alisema, "nani ataamini? Nitaandika nini, kwamba mama mmoja kaniambia huwa hazidishi?"

"Nipime," alisema Bi Pamba.

Mkuu alilazimika kuitia sahihi ruhusa ya kuharibu kioo, ya kwanza tangu ghala lijengwe, akaitia huku akitikisa kichwa. Walitoa kimoja kutoka sanduku la vilivyopasuka, kioo cha anga lilelile la kusini. Daktari alichagua punje ishirini kando ya ufa, kubwa kwa ndogo, akazipima moja moja kwa hadubini, vipimo akaviandika akavificha. Bi Pamba akaweka wembe mpya. Aliwasha taa ya kwanza, kisha akawasha ya pili, ya Mzee Lenzi. Umri wake ulikuwa hamsini na nane. Alivaa miwani. Akainama kwenye lenzi.

"Samahani," aliiambia ile ya kwanza, akaikwangua.

Ilichukua asubuhi nzima. Alifanya kazi bila kusema, akipumzisha macho kila baada ya punje mbili, na mkuu wa ghala, aliyekuja kutazama dakika tano, alikaa hadi chai yake ikaota utando. Ya ishirini ilipokwisha Bi Pamba alivua miwani, akafuta wembe kwa pamba, akaurudisha kwenye kibati. Daktari akayapima matundu, moja baada ya jingine, karatasi ya kwanza mkono wa kushoto na ya pili mkono wa kulia. Alikuwa akisoma vipimo kwa sauti, kisha akaacha, akawa anavitazama tu.

"Kumi na tisa ni sawasawa," alisema. "Sawasawa kabisa. Tofauti haifiki hata unene wa unywele." "Ila ya kumi na mbili umekosea. Tundu ni dogo mno kuliko punje, halafu limechanika pembeni."

"Ya kumi na mbili haikuwa nyota."

"Mimi mwenyewe nimeichagua, mama. Ni nyota."

"Ni vumbi. Vumbi likiguswa linaruka. Nyota hairuki, inatoka pamoja na maziwa, laini. Mkono unajua."

Daktari akafungua orodha ya nyota kwenye kompyuta, akatafuta mahali pale, akatafuta tena. Palikuwa patupu. Kwenye orodha yote hapakuwa na nyota hapo. Mkuu wa ghala alijisahau akapiga makofi mara moja, kisha akajifanya anaua mbu.

Daktari hakupiga makofi. Alimtazama Bi Pamba, na swali lake alilileta polepole, kama mtu anayeogopa jibu.

"Kama mkono wako unajua," alisema, "basi siku ile ulikwambia nini?"

Bi Pamba angeweza kusema kwamba alikuwa mgeni kazini, na wote wawili wangekubali, na jambo lingefungwa vizuri pale pale. Miaka ishirini na saba hata yeye mwenyewe alikuwa akijiambia hivyo.

"Uliniambia," alisema. "Nilipofika nusu nilijua. Ilikuwa inatoka laini."

"Na ukaendelea?"

"Nikamalizia."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nusu ingeonekana." Machozi yalimtoka, akayaacha, maana mikononi alikuwa na spiriti na alijua spiriti na macho havipatani. "Niliona kwamba nikiiacha nusu, kila mtu ataona kosa langu. Nikaikwangua yote, vizuri, ili pawe kama hapakuwahi kuwa na kitu. Hiyo ndiyo kazi niliyoifanya vizuri kuliko zote."

Daktari alikuwa binti mkweli, na ukweli wake haukujua pa kujificha. "Nusu ningeipima vizuri zaidi," alisema hatimaye. Kisha akaona alichosema, akamshika mkono. Spiriti na vyote.

Ripoti iliondoka Jumatatu badala ya Ijumaa. Ilikuwa na jedwali la matundu ishirini, na katika ile safu ya nyota iliyolipuka, usiku ule mmoja ambao hakuna mwingine aliyekuwa nao, palikuwa na kipimo. Maelezo ya chini yalisema kipimo kimetokana na tundu, na kwamba tundu ni kazi ya mfutaji wa vioo, ambaye amepimwa na kuonekana kwamba huwa hazidishi. Jina la Mzee Lenzi lilitajwa kama mpiga picha wa usiku huo, basi.

Mkuu wa ghala alipigania ile barua hadi dakika ya mwisho. Alisema karatasi ngumu imeshapigwa chapa. Alisema mtu haagwi kwa makosa yake. Alisema, akimbembeleza sasa, kwamba kati ya vioo elfu ishirini na mbili, kimoja si kitu, na kwamba hata hicho kimegeuka faida.

"Andika 'isipokuwa kimoja'," alisema Bi Pamba. "Na namba yake."

"Itakuwa barua ya ajabu."

"Itakuwa yangu."

Siku ya kuagwa ilisomwa hivyo hivyo, mbele ya watu wote: hakuwahi kuharibu kioo hata kimoja, isipokuwa kimoja. Watu walidhani mkuu amekosea kusoma. Mume wa Bi Pamba alikaa mstari wa mbele, amevaa suruali iliyokunjwa vizuri upindo na fundi cherehani wa pale kona, ambaye alishangaa sana kuletewa suruali na akashangaa zaidi kusalimiwa. Sentensi ile ilipofika, fundi mageti alitingisha kichwa kwa kuridhika, kama anavyofanya akiona maungio yameshika.

Keki ilipokuwa inakatwa, Bi Pamba aliteremka ghalani peke yake. Alivuta kabati la kusini, akatoa bahasha, akachomoa kioo, akaketi chini ya taa ya pili. Daktari alikuwa amemwachia kalamu na maagizo: akate maandishi ya zamani, aandike yaliyo sahihi. Bi Pamba aliyasoma maandishi ya zamani. Mwandiko ulikuwa umelala upande, mwandiko wa mtu aliyekesha na darubini, na ile sahihi ilikuwa imekandamizwa sana hadi karatasi imebonyea. Hakuyakata. Miaka thelathini na mmoja alikuwa akifuta ya watu, na haya hayakuwa ya kufuta. Aliandika chini yake, kwa herufi za mtu asiyezoea kuandika kwenye bahasha:

"Si kweli, Mzee. Ni mimi."

Akatia sahihi. Akangoja wino ukauke, akakirudisha kioo ndani, akakisimamisha kabatini, maziwa yakiangalia kulia.